Urefu wa Chumba cha Mwisho

Kila asubuhi, baada ya kukabidhiana zamu, wanafunzi wa uuguzi waliopangiwa wadi ya wanaume waligawana kazi mbele ya meza ya Sista Mkuu. Huyu atandike vitanda, yule apime joto na mapigo ya moyo, mwingine agawe dawa. Yule aliyechelewa kufika, au aliyeshindwa kubishana, ndiye aliyepeleka chai chumba cha mwisho. Humo alilala mgonjwa mmoja tu, fundi cherehani mwenye kifua kikuu. Chai yake haikufikishwa kitandani. Sinia liliwekwa sakafuni, mlangoni, kisha likasukumwa ndani kwa mpini wa ufagio mpaka pale mkono ulipoishia. Fundi aliteremka kitandani, akaja kulichukua mwenyewe, akasema asante.

Asubuhi moja sinia lilisukumwa na kitanda kikaonekana kimerudi nyuma. Hakuna aliyekisogeza. Chumba chenyewe kilikuwa kimerefuka, kiasi cha upana wa kitanda hivi, na ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda pamoja na kitanda chake. Mwanafunzi aliyeshika ufagio alitazama, akapima kwa macho, akaenda stoo kutafuta ufagio wenye mpini mrefu zaidi.

Huyo wenzake walimwita Glavu Mbili, kwa sababu hakugusa kitu chochote wadini bila kuvaa glavu juu ya glavu. Kifua kikuu hakipiti kwenye ngozi ya mkono, na yeye alilijua hilo fika. Kinapita hewani, na barakoa iliyofungwa vizuri na dirisha lililo wazi vinatosha kumlinda mtu. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na alilipata lote. Lakini siku alipopangiwa wadi ile mama yake alimpigia simu.

"Mwanangu, nakuomba, usituletee magonjwa huku. Una mdogo wako mchanga hapa. Ukija likizo, nguo za hospitali ziache hukohuko."

Kitabu kilisema lake na mama alisema lake, na mama alikuwa na sauti kubwa kuliko kitabu.

Chumba kiliendelea kurefuka. Haikuchukua muda wanafunzi wakagundua mwendo wake: kila mtu alipofika mlangoni akaghairi, ukuta wa nyuma ulijivuta kidogo. Kwa aliyeghairi huku akiziba pua ulijivuta zaidi. Sista Mkuu alimwita mtu wa matengenezo, naye akazunguka nje na futi yake, akarudi akiwa ameridhika. "Nje jengo liko vilevile, Sista," alisema. "Tatizo ni la ndani, na la ndani si kazi yangu." Aliongeza balbu chache darini ili chumba kisiwe na giza katikati. Sista Mkuu, ambaye hakuwa mkatili, aliagiza benchi liwekwe nusu ya njia kwa ajili ya watakaochoka.

Shughuli nyingine zilifanyika kutoka mlangoni. Kupima joto lilikuwa jukumu la Mcheshi, kijana mwenye maneno mengi aliyependwa na wadi nzima. Alisimama kizingitini, akakunja macho kama anayesoma kibao cha mbali, akatangaza, "Thelathini na saba!" Wenzake wakaandika. Jambo hilo walikuwa na jina lake, kupika, na joto la Fundi lilipikwa asubuhi likapikwa tena jioni. Hakuna mgonjwa katika hospitali ile aliyekuwa na joto zuri kama Fundi. Mwalimu wao wa mafunzo kwa vitendo aliziona zile thelathini na saba zimejipanga, akazitia saini. Alikuwa mwanamke msomi na alijua vizuri kwamba mwili wa binadamu haukai hivyo. Inatia hasira kulisema, lakini alijua.

Mtu pekee ambaye chumba hakikumrefukia alikuwa mke wa Fundi. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwanamke mnene wa makamo, na kila saa ya mapumziko ya mchana alikuja na hotipoti mkononi. Alifunga barakoa aliyopewa na daktari, akaingia, na papo hapo alikuwa ameketi kando ya kitanda, akimfuta mumewe jasho na kumsimulia habari za watoto. Kutoka mlangoni wanafunzi walimwona mdogo kabisa kule mwisho. Kisha alinyanyuka, na kabla hawajapisha njia alikuwa ameshawafikia.

"Huyu mama ana miguu," alisema Mcheshi.

"Amezoea kutembea," alisema mwingine.

Sista Mkuu naye aliona, na hapo ndipo nafuu ya wadi ilipopatikana. Siku hiyohiyo alimwita mama yule pembeni, akamwambia kwa upole, "Mama, wewe njia unaijua. Nisaidie, mpelekee na vidonge vyake." Kesho yake ilikuwa vidonge na mashuka. Baada ya hapo ikawa chombo cha haja ndogo, ndoo ya maji ya kuoga, na dekio. Mke wa Fundi hakukataa hata kimoja. Alidhani ndivyo hospitali zilivyo. Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake mlangoni wamtazame akibadilisha shuka na mgonjwa yumo kitandani, kazi ambayo wao walitakiwa kuifanya kwa mtihani, akasema, "Mnaona? Huku ndiko kuishirikisha familia." Wakaandika.

Daktari alipita wadini kila wiki. Wagonjwa wake walikuwa wengi na alisimama kwenye meza ya Sista Mkuu tu, akasomewa hali ya kila mmoja, akasema la kusema. Wiki moja alikuja na habari njema. "Makohozi ya Fundi yamekuwa safi. Hamwambukizi mtu tena. Mtoeni kule, mleteni huku alale na wenzake, na akiendelea hivi tutamruhusu aende nyumbani."

"Sawa, daktari," walisema wote.

Siku hiyo chumba kilirefuka kuliko siku zote zilizotangulia. Zamani kwenda kwa Fundi kulimhusu mmoja aliyechelewa kufika. Sasa kila mtu alikuwa ameambiwa aende, na kila mtu alifika mlangoni na kiti cha magurudumu, akaghairi kwa zamu yake. Mcheshi alisema majibu ya maabara nayo hukosea. Jioni kitanda cha Fundi kilionekana kama kiberiti kilichosahauliwa sakafuni. Mke wake alipouliza mbona mumewe hajahamishwa, aliambiwa vitanda vimejaa. Vitatu vilikuwa vitupu, tena vimetandikwa.

Ilikuwa muda mfupi baada ya hapo mke wa Fundi alipomshika Glavu Mbili mkono kwenye korido. Glavu Mbili alishtuka, akautazama ule mkono.

"Mwanangu, samahani. Macho yake yamegeuka manjano. Manjano kabisa, kama kiini cha yai. Na mkojo wake mweusi, chakula hataki, anajikuna mwili mzima. Nimwambie nani?"

Glavu Mbili alijua mara moja ni nini. Dawa zile zile zilizokuwa zikimponya Fundi kifua zilikuwa zinamla ini. Hutokea kwa baadhi ya wagonjwa, na linapotokea dawa husimamishwa siku hiyohiyo na daktari huitwa, na mgonjwa hupona. Lakini muuguzi hatakiwi kupeleka maneno ya korido. Anatakiwa kwenda, kumwangalia mgonjwa machoni, ndipo aseme. Hilo nalo lilikuja kwenye mtihani.

"Umeniambia mimi, mama. Nitakwenda kumwangalia."

Na alikwenda. Alivaa barakoa, akavaa glavu zake mbili, akaingia. Alitembea mpaka kwenye benchi. Hapo alikaa, wa kwanza kulikalia tangu liwekwe, akamkumbuka mdogo wake mchanga, akatazama kitanda ambacho bado kilikuwa mbali sana, akarudi. Alijiambia kesho ataanza mapema.

Asubuhi daktari alikuja. Jina la Fundi lilipofika aliuliza, kama anavyowauliza wote wanaomeza dawa zile, "Macho yake vipi?"

Wanafunzi walitazama viatu vyao. Mwalimu alitazama saa. Kusema hakuna aliyemwangalia kulikuwa ni kuwaumbua wote, pamoja na Mwalimu mwenye saini yake, na Glavu Mbili alikuwa amesimama mbele.

"Mazuri, daktari."

"Vizuri. Aendelee na dawa." Akageukia jina lililofuata.

Mchana mke wa Fundi aliuliza daktari amesemaje. Glavu Mbili alisema daktari amesema vizuri, aendelee na dawa. Kila neno lilikuwa la daktari kweli, na mwanamke yule alishukuru, akamwombea baraka. Hakuna tusi ambalo lingemuuma Glavu Mbili kama shukrani ile.

Kisha wakaja wakaguzi. Kwa siku zote za ukaguzi Sista Mkuu aliamuru wageni wasiingie, ili wadi ionekane nadhifu. Mke wa Fundi aliitwa akabidhiwe vidonge vya siku hizo zote, akavipanga juu ya meza ya mumewe, akamsisitizia kama alivyosisitiziwa yeye: asiache kumeza hata siku moja. Fundi alikuwa mgonjwa mtiifu. Alivimeza.

Kuanzia siku ya kwanza mke wake alisimama getini na hotipoti yake. "Nimwone kidogo tu, mwanangu," alimwambia mlinzi. "Agizo, mama," alisema mlinzi. "Si mimi."

Sauti ya Fundi nayo ilianza kuchelewa. Umbali ulikuwa umeshakuwa mkubwa mno. Alipoita alfajiri, neno lilifika mlangoni wakati wa chakula cha mchana, na baadaye likawa linafika kesho yake. Wanafunzi walizoea haraka. Mmoja alieleza kwamba hakuna haja ya kukimbilia kitu kilichoombwa jana, maana huenda mtu ameshaacha kukihitaji.

Wakaguzi walikuwa wamesimama hapohapo mlangoni, wakisifu usafi wa sakafu, sauti ilipotoka ndani, taratibu na kwa adabu: "Nesi, samahani. Naomba maji."

Mkaguzi mkubwa aliinua kichwa.

"Hiyo ni ya juzi," alisema Mwalimu.

"Ahaa," alisema mkaguzi, wakaendelea na choo.

Glavu Mbili alibaki pale. Maji ya juzi. Alijaribu kukumbuka nani aliyempelekea Fundi maji juzi, au jana, akakuta hakuna, kwa sababu aliyekuwa akimpelekea alikuwa amesimama getini. Alichukua jagi, akalijaza, akaingia.

Alipita balbu zilizokuwa zikiwaka na balbu zilizoungua. Alipita benchi bila kukaa. Mbele ya benchi alianza kukutana na maneno ya Fundi, yakiwa njiani bado, yanakwenda mlangoni pole pole kama watu watokao kazini. Yaliyotangulia yalikuwa ya zamani. Kadiri alivyosonga ndivyo yalivyokuwa mapya.

"Nesi, ukipata nafasi."

Hilo lilimpita begani. Akaongeza mwendo.

"Binti, leo chai sijaiona. Si kitu, lakini nimeona niseme."

"Nesi, mwili unawasha sana usiku."

"Mke wangu ameniambia nimwonyeshe mtu macho. Sina kioo hapa. Naomba mtu aje ayatazame tu, hata kwa mbali."

Maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye jagi. Alikuwa anakimbia sasa.

"Nesi. Nesi. Nesi."

Baada ya hapo Fundi hakuwa tena akimwita nesi. Alikuwa akimwambia mteja fulani kwamba suruali yake iko tayari, aje Jumamosi, upindo ameushusha kidogo. Alikuwa akimgombeza mtu aliyechezea cherehani. Ini likichoka, akili nayo hupotea njia, na Glavu Mbili, ambaye alijua, alilia huku anakimbia. Mwisho kabisa, karibu na kitanda, alipita maneno machache ya chinichini ambayo Fundi alimwambia mkewe. Mbele ya hayo hewa ilikuwa tupu.

Fundi alikuwa amelala chali, shuka limemfika kifuani. Vidonge vyote mezani vilikuwa vimekwisha. Macho yake yalikuwa wazi na yalikuwa manjano kama kiini cha yai. Mtu yeyote angeyaona. Mtoto angeyaona. Glavu Mbili aliweka jagi chini, akayafumba kwa mkono wenye glavu mbili.

Alipogeuka, mlango ulikuwa pale pale karibu, umbali wa chumba cha kawaida. Wenzake walikuwa wamesimama kizingitini wakimtazama. Aliweza kuona kipele kwenye kidevu cha Mcheshi na wino kwenye mfuko wa shati lake.

"Amekufa," alisema. "Njooni tumbebe."

Walitazamana.

"Tungekuja," alisema Mcheshi kwa masikitiko ya kweli, "lakini ni mbali."

Ilibidi mke wa Fundi aitwe kutoka getini. Agizo la wageni lilitenguliwa kwa ajili yake, kwa muda. Aliingia, akamtazama mumewe, hakupiga ukelele. Alimshika miguu na Glavu Mbili akamshika mabega, wakampandisha kwenye machela, wakamtoa. Kwenye korido watu waliwapisha kwa nafasi kubwa sana.

Daktari aliuliza, "Si mlisema macho mazuri?"

"Sikuyaangalia," alisema Glavu Mbili, mbele ya wote, na mke wa Fundi akiwepo.

Mwanamke yule alimgeukia. "Na mimi nilikushukuru," alisema.

Kikao kiliitishwa. Mwalimu alisema mwanafunzi huyu ni mpya na ana moyo mwepesi. Wengine walisema mgonjwa alikuwa na joto zuri mpaka dakika ya mwisho, na kweli, ukitazama alivyopikwa, alikufa akiwa na thelathini na saba. Jina la aliyekosea halikupatikana. Glavu Mbili alisimama mara ya pili kujitaja, akaambiwa akae, wakati umekwisha. Kikao kiliamua kwamba, kwa kuwa chumba ni kirefu, wagonjwa wa humo wafundishwe kuita mapema. Pia kwamba sauti yoyote ikifika mlangoni ijibiwe kwa lugha ya staha, kwani wakaguzi walilipenda sana suala la lugha. Wanafunzi wote walifaulu mafunzo ya vitendo. Bwenini walihamisha magodoro yao kidogo kutoka kwa la Glavu Mbili.

Kitanda kilipewa mgonjwa mwingine, dereva wa lori. Anapoita hasikiki bado. Maneno yake yako nyuma ya maneno ya Fundi, ambayo hayajamaliza kufika. Glavu Mbili humpelekea maji na dawa, humtazama macho, na anapotoka humo wenzake humpisha. Peke yake hawezi kukifupisha chumba kwa wote. Akiwa darasani, sinia husukumwa kwa ufagio.

Aliwahi kumfuata mke wa Fundi kwa dobi, akasimama mlangoni. "Mama, sikuja kuomba msamaha. Kuna neno lake lako. Liko njiani. Nililipita karibu na kitanda."

Mwanamke aliiweka pasi wima. "Alisemaje?"

"Si langu kulisema, mama. Njoo ulisikie kwa sauti yake."

Basi kila mchana akaja, akakaa kwenye kiti nje ya chumba cha mwisho, mikono mapajani. Alisikia maji yakiombwa. Alisikia chai, na mwasho, na macho. Kila mara mwanafunzi aliyekuwa karibu alijibu kwa staha, "Subiri kidogo, tunakuja," na hakuna aliyekwenda, na mwanamke alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Alisikia suruali ya Jumamosi. Alitabasamu kidogo hapo, kwani mteja huyo anamfahamu. Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha mlinzi alikuja kumtoa.

"Nimekaribia, mwanangu. Niache kidogo."

"Huna mgonjwa humu, mama," alisema mlinzi. "Kwanza hata hustahili kuingia."

Akatoka. Alikuwa hajafika getini neno lilipofika. Wanafunzi walikuwa kwenye chai. Lilikuja chini sana, limechoka kwa safari.

"Mama watoto, uko wapi?"

Glavu Mbili aliangusha kikombe, akatoka mbio kumwita. Mcheshi hakuinua kichwa. Alimeza alichokuwa akitafuna, akafuta mdomo, akajibu kama walivyofundishwa.

"Subiri kidogo, tunakuja."

Ndani, baada ya kitambo, Fundi akasema, "Haya. Nitasubiri."